Kosa Hili Linaitwaje?

Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa mwana wa Semboja, aliyekuwa amekalia kiti cha Vuga, yaani mfalme wa Wasambaa, Simba Mwene mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kuua. Alikuwa amemuua mtu aliyemtuhumu kuzini na mkewe. Mwaka huo huo Semboja naye alifariki, yule mzee wa Mazinde ambaye misafara iliyopita chini ya milima ililijua vizuri jina lake. Basi nyumba moja ya Wakilindi ikapoteza baba na mwana ndani ya mwaka mmoja, na Wajerumani wakamweka Kinyashi, mtu wa tawi jingine la ukoo, akalie kiti ambacho mwenzake alikuwa ameondolewa kwa kamba.

Tukio hili ukilikuta kwenye vitabu vya historia limepewa sentensi moja au mbili, halafu mwandishi anaendelea na habari za reli na mashamba ya walowezi. Mimi nimekwama hapo hapo kwenye sentensi hizo mbili. Hivi Mputa alipoambiwa kwamba atanyongwa, alilielewa kosa lake kuwa kosa gani? Maana Vuga kulikuwa na sheria, tena zilizojulikana na wakubwa kwa wadogo. Aliyezini na mke wa jirani alitoa fidia, mambo yakaisha. Aliyezini na mke wa mfalme hakuwa na fidia ya kutoa. Shingo yake ilikuwa mikononi mwa mfalme. Kwa hiyo kitendo kimoja, Vuga kiliitwa hukumu na Wajerumani wakakiita mauaji. Simtetei Mputa, ndugu msomaji. Yule aliyeuawa naye alikuwa na mama. Ninachosema ni kwamba mtu alikufa kwa sababu ya jina la kosa ambalo miaka michache tu nyuma halikuwako katika milima hii kwa maana ile.

Na jambo hili la majina ya makosa halikwisha na Mputa. Limetufikia hadi leo, na nyumba nyingi hulifikia zikiwa zimechelewa, siku ambayo ndugu yao yuko ndani na mtu wa kwanza wanayekutana naye anawaambia, "Hiyo ni kesi kubwa." Kubwa kivipi? Nani aliipima? Kwa mizani gani? Hayo nitayafikia, lakini kwanza tupande Vuga.

Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848, akarudi tena 1852, akamkuta Kimweri ye Nyumbai anatawala kuanzia milimani hadi karibu na pwani. Habari za nasaba hiyo tunazo kwa Kiswahili pia, kwa kalamu ya Abdallah bin Hemedi, aliyekaa kwa Semboja na baadaye akaandika Habari za Wakilindi. Na katika miaka ya 1960 akaja Mmarekani, Steven Feierman, akakaa na wazee wa Usambara akiwasikiliza. Ukiyaunganisha ya wote hao, unapata picha ya nchi ambayo mashauri yalipangwa kama ngazi ya nyumba. Ugomvi wa wana wa baba mmoja uliishia kwa baba yao. Ugomvi wa koo mbili ulikwenda kwa zumbe wa mahali. Lakini damu ilikwenda Vuga. Mazumbe walitoza mbuzi na ng'ombe. Haki ya kutoa uhai wa mtu ilikuwa ya Simba Mwene. Hivyo mama wa Kisambaa wa zama zile alilijua zito la kosa la mwanawe kwa kuangalia tu njia wanayopita naye. Wakikata kulia kwenda kwa zumbe, ataandaa mbuzi. Wakiendelea moja kwa moja kupanda Vuga, ataanza kulia.

Kitu kingine cha Vuga ambacho ni lazima nikitaje, kwa sababu ndicho kinachotupotosha sisi wa leo, ni kwamba mlalamikaji alikuwa mtu. Aliyeuliwa alikuwa na ukoo, na ukoo ndio uliodai. Ukoo ukiridhika, kwa ng'ombe au kwa namna nyingine, shauri lilikuwa na mahali pa kuishia. Mfalme alikuwa juu ya wote, na alikuwa na nguvu za kuiponya nchi na nguvu za kuiharibu, kama wazee wanavyosema, ila katika mashauri ya kawaida yeye hakuwa ndiye aliyeumizwa. Tuliweke hilo pembeni, tutalirudia.

Wajerumani walipojenga boma lao pale palipoitwa Wilhelmsthal, ndiyo Lushoto yetu hii, waliita mahali kwa jina la Kaisari wao na wakaleta jela, mnyororo na kiboko. Cha ajabu ni kwamba kwa Mwafrika hawakuleta kitabu cha makosa. Amri ya Chansela ya mwezi Aprili 1896, iliyohusu Afrika Mashariki, Kameruni na Togo, ilitaja adhabu: viboko, faini, kifungo na kazi, kifungo cha mnyororo, na kifo. Adhabu zilipangwa vizuri sana kwa ngazi, na hukumu ya kifo ilibidi ipate kibali cha Gavana. Lakini makosa yenyewe yaliachwa kichwani mwa bwana wa boma. Ndiyo maana babu zetu hawakukumbuka jina la kosa hata moja la Kijerumani, wakakumbuka hesabu: hamsa ishirini. Viboko ishirini na vitano. Mtu aliulizwa, "Fulani amefanya nini?" akajibu, "Amekula hamsa ishirini." Adhabu ikawa ndiyo jina la kosa. Hata leo ukisikiliza vijiweni, bado tunazungumza hivyo hivyo. Hatusemi mtu ameshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, tunasema, "Ana kesi ya miaka thelathini."

Waingereza wao walikuja na vitabu. Mwanzoni, mwaka 1920, waliiingiza Tanganyika Kanuni ya Adhabu ya India, kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa huko. Mwaka 1930 wakaleta Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, na mizizi ya hii inakwenda mbali mpaka Queensland, Australia, kwa jaji mmoja aitwaye Samuel Griffith ambaye rasimu yake ilipitishwa huko mwaka 1899. Yaani yule mtu wa Mtae au wa Mlalo aliyempiga mwenzake mpini wa jembe alikuwa anapimwa kwa maneno yaliyopangwa na bwana mmoja wa Australia kabla hata barabara ya magari haijafika Lushoto. Kanuni hiyo imerekebishwa mara nyingi, ila mifupa yake ndiyo tunayoitumia mpaka leo, Sura ya 16 ya sheria zetu.

Humo ndimo kuua kulikogawanywa mara mbili kwa namba. Kifungu cha 195, kuua bila kukusudia. Kifungu cha 196, kuua kwa kukusudia. Namba mbili zinazofuatana kama nyumba mbili za mtaa mmoja, na katikati yake pana korongo. Na baraza za kienyeji, zile za mazumbe waliorudishiwa viti vyao katika miaka ya 1920, Kinyashi akiwa mmoja wao, hazikuruhusiwa kugusa kesi ya adhabu ya kifo. Damu ilikwenda kwa Mzungu kama zamani ilivyokwenda Vuga. Ngazi ilibaki, ila kilele kilihamishwa.

Nifungue mabano kidogo. Baraza hizo hizo za kienyeji zilipata kazi nyingine katika miaka ya 1950, Waingereza walipoamuru watu wa milimani walime kwa matuta kuzuia mmomonyoko. Aliyekataa alishtakiwa. Mama aliyelima kama mama yake alivyolima akaamka asubuhi moja ni mhalifu. Watu walikasirika, wengi wakakataa, na mpango ukafa kabla ya Uhuru. Sikulinganishi kuacha matuta na kuua. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha wazi kuliko yote jinsi kosa linavyozaliwa: jembe lilelile, mteremko uleule, jina jipya. Nafunga mabano.

Sasa niseme kwa nini mimi, niliyeishia kidato cha nne na ambaye ndoto yangu ni kuandika riwaya, nimekuwa nikibeba Kanuni ya Adhabu chini ya kwapa kama katekista na kitabu chake. Mtoto wa shangazi yangu yuko rumande. Jioni moja, kwenye pombe ya miwa, alitukanana na kijana mwenzake, wakashikana, wakaachanishwa, wakashikana tena. Yule mwenzake alianguka. Siku ya pili akafariki. Sitasema zaidi ya hapo kuhusu jioni ile kwa kuwa shauri liko mahakamani na kwa kuwa kaburi la yule kijana bado ni bichi. Watu wake tunachota nao maji bomba moja.

Shangazi alipopelekewa habari aliuliza swali moja tu: "Atafungwa miaka mingapi?" Mjomba mmoja akamjibu, "Dada, kuua ni kuua." Mzee mwingine akasema hapana, tuandae ng'ombe, twende kwa wafiwa, tukae chini, yaishe kikubwa. Na kijana mmoja wa mjini, yule ambaye kila ukoo unaye, akasema yeye ana mtu wake atakayemtoa kwa dhamana kesho yake. Wote watatu walisema kwa kujiamini. Na kila mmoja, nilivyokuja kuona baadaye, alikuwa anaishi katika zama yake.

Yule wa ng'ombe alikuwa Vuga. Na tulikwenda kweli kwa wafiwa, tukapokewa, tukalia pamoja. Jambo lile lilikuwa la lazima na lilikuwa jema. Lakini halikuondoa hata nukta moja kwenye hati ya mashtaka, kwa sababu hati ile haisemi ukoo fulani dhidi ya ukoo fulani. Inasema Jamhuri dhidi ya fulani. Mlalamikaji ni nchi. Marehemu na watu wake, sheria inawaweka upande wa mashahidi. Shangazi hakulielewa hilo kwa wiki nyingi. "Baba yake ameshanisamehe," alikuwa akisema, "sasa huyu Jamhuri ni nani tena?" Tulicheka kidogo, halafu tukanyamaza.

Yule wa dhamana naye alikuwa na zama yake, ya kujuana. Lakini dhamana haitegemei unamjua nani tu. Inategemea jina la kosa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi kilijulikana kama cha 148, ina orodha ya makosa yasiyo na dhamana: kuua kwa kukusudia, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengine. Kuua bila kukusudia hakumo katika orodha hiyo. Umeona? Maneno mawili, "kwa kukusudia", ndiyo yanayoamua kama mtu atasubiri kesi akiwa nyumbani anapalilia viazi vyake au akiwa rumande. Na kusubiri kwenyewe kunaweza kuwa miaka.

Na yule mjomba wa "kuua ni kuua" ndiye aliyekuwa mbali kabisa na ukweli. Kifungu cha 196 adhabu yake ni moja, kunyongwa, na jaji akishamtia mtu hatiani hana hiari nyingine, isipokuwa kwa mama mjamzito na kwa aliyekuwa chini ya miaka 18. Kifungu cha 195 adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, lakini hiyo ni dari tu; chini yake jaji ana nafasi ya kupima, na wako waliotoka na miaka michache. Kati ya kamba na miaka michache pana tofauti ambayo huwezi kuiita "kuua ni kuua".

Hapa sasa niende taratibu, maana ndipo penye kiini, na ndipo familia nyingi zinapopotea. Sisi tukisema "hakukusudia", tunamaanisha kwamba hakupanga kuua. Hakuamka asubuhi akasema leo nitamuua fulani. Sheria haiulizi hivyo. Kifungu cha 200 kinaeleza nia ovu ni nini, na ndani yake mna zaidi ya kupanga kifo. Ukikusudia kumletea mwenzako madhara makubwa, kumvunja, kumtoboa, akafa, hiyo nayo inatosha. Ukijua kwamba unachokifanya yamkini kitaua au kitajeruhi vibaya, ukafanya tu, inatosha. Sasa nia haionekani kwa macho. Basi mahakama inaitafuta kwenye vitu vinavyoonekana. Mahakama ya Rufani, katika hukumu moja ya miaka ya 1990 ambayo majaji wanairudia mpaka leo, iliorodhesha vya kuangalia: silaha ilikuwa ya aina gani na ukubwa gani, nguvu kiasi gani ilitumika, alipigwa sehemu gani ya mwili, mara ngapi, jeraha lilikuwaje, mshtakiwa alitamka nini, na alifanya nini kabla na baada. Ngumi moja si sawa na panga. Panga la mguu si sawa na panga la shingo. Aliyekimbia si sawa na aliyembeba mwenzake kumpeleka zahanati.

Nilipoyasoma hayo nilimwita shangazi, nikamweleza kwa Kisambaa na Kiswahili vikichanganyika. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo wataangalia mkono wake ulikuwa umeshika nini?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Haukushika kitu." Tangu siku ile hakuuliza tena ni miaka mingapi. Akaanza kuuliza nani aliona.

Kisha kuna kuchokozwa. Kifungu cha 201 na 202 vinasema mtu akiua kwa hasira ya ghafla, kabla damu haijapoa, kwa kuwa amechokozwa kiasi ambacho mtu wa kawaida angepoteza kujizuia, basi kosa linashuka kutoka 196 kwenda 195. Na huyo mtu wa kawaida ni nani? Sheria yetu inasema ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Niliposoma mstari huo niliuweka chini, nikaenda kusimama nje. Kumbe kitabu kile cha Griffith kilipofika Tanganyika kilifunguliwa dirisha dogo, na kupitia dirisha hilo milima yetu inaingia mahakamani. Tusi gani linamuuma Msambaa? Kumkuta mkeo na mwanamume kunamfanya nini mtu wa kwetu? Mfumaniwa akiuawa pale pale, sheria ya leo inaweza kabisa kuliita jambo hilo kuua bila kukusudia. Nilimkumbuka Mputa. Lakini Mputa, kama alitoa amri akiwa ametulia kitini, dirisha hilo lisingemtosha hata leo. Hasira iliyokaa kikao imeshapoa.

Usidhani, msomaji, kwamba majina haya hukaa palepale yakitusubiri. Mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako dhidi ya walanguzi, wenye maduka waliamka wakiwa na jina ambalo halikuwako juzi yake: wahujumu uchumi. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye na kurudishwa nyuma iwafikie. Sukari iliyofichwa uvunguni ikawa hujuma. Mashauri yakapelekwa kwenye baraza maalumu ambako mawakili hawakuruhusiwa kuwatetea watu. Mwaka 1984 sheria hiyo ikabadilishwa na nyingine iliyorudisha kesi mahakamani, na makosa ya uhujumu uchumi yako mpaka sasa. Wazee wa milimani wanakumbuka watu waliotupa sabuni mtoni usiku. Ulanguzi ulikuwa mbaya, sikatai; watu tulikosa hata chumvi. Lakini fikiria mke wa mwenye duka, aliyelala mume wake ni mfanyabiashara na kuamka ni mhujumu. Angemuuliza nani maana ya neno hilo?

Unyang'anyi wa kutumia silaha nao uliwekewa kifungu chake peke yake mwaka 2004, na adhabu isiyopungua miaka 30. Makosa ya kujamiiana yaliongezewa uzito na sheria ya mwaka 1998, na kubaka nako kukapewa 30. Kila mara Bunge linapoinua mkono, kosa fulani linapanda ngazi, na nyumba fulani huko Soni au Bumbuli itakuja kulijua hilo siku ya kesi.

Na kamba yenyewe? Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, akiwa Dodoma, aliamua kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba kwa kuwa ni ya kikatili na ya kudhalilisha. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikasema hapana, Katiba yenyewe inairuhusu kwa ajili ya kuilinda jamii. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ikasema ulazima wa adhabu hiyo, ule wa kumfunga jaji mikono, unakiuka haki ya kuishi. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990. Watu wananiambia, basi usiogope, hawanyongi. Rahisi kusema. Hukumu bado inasomwa, na anayesomewa anaishi nayo.

Lushoto pana Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mahakimu wa nchi nzima hupita hapa, hununua matunda damu na pea sokoni kwetu, hutetemeka kwa baridi ya mwezi Julai. Nimewahi kukaa kijiwe kimoja na mwanafunzi wa pale, kijana wa bara, mpole, nikamuuliza kwa nini mtoto wa shangazi yangu kila anapopelekwa kwa hakimu haulizwi chochote. Nyumbani tulidhani ni dharau, au pengine kuna mtu amezungusha kitu. Alinieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Kesi ya kuua husikilizwa na Mahakama Kuu, kwa upande wetu ni Tanga. Hakimu wa huku chini anaisomea tu na kuiahirisha mpaka upelelezi ukamilike, kisha anaipandisha. Ndiyo maana mshtakiwa anaambiwa hatakiwi kujibu lolote: aliye mbele yake hana mamlaka ya kulipokea jibu lake. "Ni kama ngazi," akasema yule kijana. Nikamwambia nazijua ngazi hizo.

Akaniambia na jingine, nalo nalileta hapa kwa faida ya atakayelihitaji. Jina lililoandikwa kwenye hati siku ya kwanza si lazima liwe ndilo la mwisho. Polisi huandika kwa walichonacho, na mtu akifa mara nyingi huanza na 196. Faili likifika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, wanasheria wake husoma maelezo ya mashahidi na ripoti ya daktari, na wanaweza kulishusha kuwa 195. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu pia majadiliano ya kukiri kosa, mshtakiwa na upande wa mashtaka wakubaliane kosa dogo mbele ya mahakama. Na hata kesi ikisikilizwa mpaka mwisho kwa 196, jaji akiona nia ovu haikuthibitishwa, anaweza kumtia mtu hatiani kwa 195. Zaidi ya hapo, mwenye kesi ya kuua asiye na uwezo hupewa wakili na serikali. Shangazi alikuwa ameshataka kuuza shamba.

Hati ile ya kwanza nimeishika mkononi. Tangu mwaka 2021 sheria imetamka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na hata hivyo mazoea ya Kiingereza hayatoki kwa siku moja. Niliposomewa na kutafsiriwa, niliandika namba kwa kalamu ya risasi nyuma ya daftari langu la hadithi: 196. Chini yake nikaandika 195, nikapiga mshale kutoka juu kwenda chini. Upelelezi haujakamilika. Tarehe ya kutajwa ni wiki ya tatu ya mwezi ujao, na shangazi ameshaniuliza basi la Mombo linaondoka saa ngapi.